Ilya Mechnikov

Ilya Ilyich Mechnikov (15 Mei 1845 – 15 Julai 1916), anayejulikana kwa Kifaransa kama Élie Metchnikoff, alikuwa mwanabiolojia kutoka Dola la Urusi aliyeonyesha kwamba chembe nyeupe za damu hula vijidudu vinavyoingia mwilini. Mwaka wa 1908 alipokea Tuzo ya Nobel ya Tiba pamoja na Mjerumani Paul Ehrlich. Ndiye pia aliyeupa uchunguzi wa uzee jina la jerontolojia.

Maisha

Alizaliwa katika kijiji cha jimbo la Kharkiv, katika Ukraine ya leo, akiwa mtoto wa ofisa wa jeshi. Masomo ya miaka minne kwenye Chuo Kikuu cha Kharkiv aliyamaliza kwa miaka miwili. Baada ya kuchunguza wanyama wa baharini huko Ujerumani na Italia, alifundisha zoolojia Odessa na Saint Petersburg.

Mwaka wa 1869 alimwoa Ludmila Feodorovich, aliyekuwa amedhoofishwa na kifua kikuu hata ikabidi abebwe kitini kwenda kanisani siku ya harusi. Ludmila alifariki katika kisiwa cha Madeira mwaka wa 1873, na mumewe akajaribu kujiua. Mwaka wa 1875 alimwoa Olga Belokopytova. Huyo naye alipougua homa ya matumbo, Mechnikov alijiambukiza kwa makusudi homa inayorudi-rudi. Akaugua sana, lakini akapona. Mtu aliyekuja kuwahimiza wengine watamani maisha marefu alikuwa ameyakataa ya kwake mara mbili.

Chembe zinazokula

Mwaka wa 1882 alijiuzulu Odessa kwa sababu ya misukosuko ya kisiasa chuoni, akahamia Messina, Sisilia. Huko alichoma miiba ya waridi katika lava wa kiti cha pweza, ambao mwili wao unapenyeka kwa mwanga. Asubuhi yake aliona kwa hadubini kwamba chembe zinazotembea zimeuzunguka mwiba. Alizipa jina la fagosaiti, yaani chembe zinazokula. Wakati huo madaktari wengi walidhani kwamba chembe nyeupe zinazoonekana katika usaha husambaza vijidudu. Mechnikov alidai kwamba ni askari waliofia vitani. Kisha alithibitisha jambo hilo kwa Daphnia, mnyama mdogo wa maji baridi, ambaye chembe zake hula mbegu za kuvu.

Aliona pia kwamba kiluwiluwi anapogeuka chura, fagosaiti hula misuli ya mkia wake. Basi kazi yao haikuwa kupigana na wageni tu, bali pia kuondoa sehemu za mwili wenyewe.

Kuanzia mwaka wa 1888 alifanya kazi katika Taasisi ya Pasteur, Paris. Wapinzani wake walisema kinga imo katika majimaji ya damu, si katika chembe. Pande zote mbili zilikuwa na haki, na tuzo ya 1908 iligawanywa kwa msingi huo.

Nadharia ya uzee

Katika vitabu vya 1903 na 1907 alifundisha kwamba uzee ni kama ugonjwa. Alidhani bakteria za utumbo mpana hutoa sumu zinazodhoofisha chembe bora za mwili, na hapo makrofaji, yaani fagosaiti kubwa, huzishambulia: hula chembe za ubongo, hata rangi ya nywele. Ili kuzipunguza bakteria hizo alikunywa maziwa ya mgando kila siku, na mtindi ukapata sifa kubwa Ulaya.

Sehemu kubwa ya nadharia hiyo haikuthibitishwa. Mvi, kwa mfano, hutokana na kupungua kwa chembe zinazotengeneza rangi. Hata hivyo swali lake lilikuwa zuri. Tangu mwaka wa 1972 kifo cha chembe kinachofuata mpango wake wenyewe huitwa apoptosisi. Chembe nyeupe nyingi hufa hivyo baada ya muda mfupi, nazo makrofaji huzila kimyakimya bila kusababisha uvimbe. Mtu anapozeeka mizani hiyo huyumba: tezi ya thaimasi husinyaa, baadhi ya limfosaiti hufa kwa wepesi zaidi, nyingine zilizochoka hukataa kufa na kubaki zikichukua nafasi, na mabaki huondolewa polepole. Ndiyo sababu mojawapo ya wazee kushambuliwa zaidi na nimonia, na chanjo kuwasaidia kidogo kuliko vijana. Kosa la Mechnikov lilikuwa kuwalaumu walaji kwa kula mno; mara nyingi shida ni kwamba hawali vya kutosha.

Kifo

Mechnikov aliugua moyo miaka ya mwisho, huku vita vikiwa vimewaondoa vijana wengi katika maabara yake. Alifariki Paris akiwa na umri wa miaka 71. Majivu yake yamehifadhiwa katika maktaba ya Taasisi ya Pasteur.