Johannes Rebmann, Mtu Aliyeijua Theluji

Katika mtaa wetu wa Tandale mtoto aweza kukua hata akawa mtu mzima asiione theluji kwa macho yake. Barafu aijua, maana huinunua dukani katika vifuko vidogo, na mvua ya masika aijua sana, kwa kuwa huingia nyumbani bila kubisha hodi. Lakini theluji kwake ni neno la Zaburi tu. Walakini wamo kati yetu wazee waliozaliwa Machame, Kilema na Marangu, ambao wakikaa barazani wakati wa joto la Januari hukumbuka jinsi walivyokuwa wakiamka alfajiri na kuutazama Kibo umevaa nyeupe. Kwa ajili ya wazee hao, na kwa ajili ya wajukuu wao wasioelewa babu anatamani nini, twawaletea habari za maisha ya mtu aliyeitambua theluji hiyo kwa sababu aliizoea tangu utoto.

Johannes Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820, katikati ya majira ya baridi, katika kijiji cha Gerlingen karibu na mji wa Stuttgart, nchi ya Württemberg, ambayo leo ni sehemu ya Ujerumani. Wazazi wake walikuwa wakulima, na vilima vya kijiji kile vilikuwa na mashamba ya mizabibu. Huko miezi ya baridi mizabibu husimama mikavu kama vijiti vya kuni. Theluji hushuka usiku bila sauti. Mtu akifungua mlango asubuhi aona mapaa, njia na mashamba yote yamekuwa rangi moja. Watoto huifinyanga kuwa mabonge na kurushiana. Tena hujifunza upesi tabia yake: ikishikwa mkononi huuma kama moto, kisha huwa maji. Mtoto aliyekulia humo hana haja ya kufundishwa theluji ni nini. Aitambua kwa mbali, kama vile mtoto wa Pwani atambuavyo ngalawa kabla mgeni hajaona hata tanga.

Mwaka 1839 aliingia chuo cha misioni cha Basel, nchi ya Uswisi. Mwaka 1844 akaenda Uingereza, akapokewa na Church Missionary Society, na mwaka uliofuata akawekewa mikono awe mchungaji. Mwezi wa Juni 1846 alifika Mombasa. Hapo alimkuta Ludwig Krapf, naye ni mtu wa Württemberg, aliyekuwa amezika mke na mtoto pwani hiyo miaka miwili kabla. Wote wawili wakajenga nyumba yao Rabai, juu ya vilima vya nyuma ya Mombasa.

Tarehe 27 Aprili 1848 Rebmann aliondoka Rabai kwenda nchi ya Wachaga, pamoja na kiongozi wa misafara aitwaye Bwana Kheri na wapagazi wachache. Silaha hakuchukua; alichukua mwavuli. Liwali wa Mombasa alikuwa amekwisha kumwonya asiukwee mlima wa huko, kwa kuwa umejaa majini. Wakapita nyika isiyo na maji, wakavuka Taita, na tarehe 11 Mei, yapata saa nne asubuhi, Rebmann aliona mbele yake kitu cheupe sana juu ya mlima. Kwanza alidhani ni wingu. Akamwuliza kiongozi ni kitu gani, naye akajibu ya kwamba ni baridi tu.

Jibu hilo lastahili kufikiriwa kidogo, maana wengi wamelicheka bila haki. Mtu wa Pwani hakuwa na neno kwa kitu ambacho hakupata kukishika, basi akakitaja kwa kazi yake, wala hakukosea. Rebmann kwa upande wake alikuwa na neno na kumbukumbu pia. Hapo hapo alijua ya kuwa ni theluji ile ile ya kwao. Walipopumzika alikaa chini ya mti mkubwa akafungua Biblia, akasoma Zaburi ya 111, inayotaja ukuu wa matendo ya Bwana, huku mlima uko mbele ya macho yake.

Huko Uchagani alipokewa na Mangi Masaki wa Kilema. Katika safari zake alisikia habari za Mangi mmoja wa zamani aliyetuma watu wakapeleleze kitu kile cheupe kilichodhaniwa kuwa fedha. Walio wengi hawakurudi, na aliyerudi alikuwa ameharibika mikono na miguu. Wengine walidhani ni majini yaliyowaua. Rebmann alipowasikia wakieleza jinsi fedha ile ilivyogeuka maji, alizidi kuwa na hakika, kwa maana hayo ndiyo aliyoyaona kila mwaka nyumbani kwao.

Alirudi Uchagani mara mbili, akafika Machame kwa Mangi Mamkinga. Safari ya mwisho, mwaka 1849, alinyang'anywa karibu mali yake yote, akarudi pwani mgonjwa.

Habari zake zilipochapishwa London mwaka 1849, ubishi mkubwa ulianza. Bwana mmoja, William Desborough Cooley, aliyekuwa amesifiwa kwa elimu yake ya ramani za Afrika, alikataa kabisa. Cooley hakupata kukanyaga nchi hizi. Alikaa London akilinganisha vitabu na masimulizi ya wasafiri. Alisadiki ya kwamba theluji haiwezi kudumu karibu na ikweta, na mwaka 1852 alitoa kitabu akayadharau maneno ya Rebmann kama ndoto. Ajabu ni kwamba wataalamu wa siku zile walijua vema ya kuwa mlima Chimborazo wa Amerika ya Kusini, ulio karibu kabisa na ikweta, una theluji. Hata Krapf alipouona mlima Kenya mwezi wa Desemba 1849, nao una kilele cheupe, ushahidi wa wawili haukutosha. Twaona neno hili ni zito. Mtu aweza kuvumilia njaa na homa. Lakini kuambiwa ya kwamba hukijua kitu ulichokichezea utotoni ni jaribu la namna nyingine.

Rebmann hakurudi Ulaya kujitetea. Aliendelea na kazi. Mwaka 1861 Baron Karl Klaus von der Decken na mtaalamu wa mawe Richard Thornton waliupima mlima, wakaikuta theluji mahali pake, na bado Cooley akabisha. Mwaka 1862 von der Decken alipanda tena pamoja na Otto Kersten, wakapita mita 4,000, na theluji ikawaangukia wenyewe. Kilele chenyewe, chenye mita 5,895, kilifikiwa mwaka 1889 na Hans Meyer na Ludwig Purtscheller. Na wazee wetu wa Tandale wanaosema ya kwamba Kibo cha utoto wao kilikuwa cheupe zaidi hawadanganyiki: tangu mwaka 1912 hata mwaka 2011 barafu ya mlima ilipungua kwa sehemu 85 katika 100.

Maisha ya Rebmann yaliyobaki yalikuwa ya Rabai. Mwaka 1851 alimwoa Emma Tyler huko Misri. Krapf aliondoka kwa sababu ya afya, na mwaka 1857, Wamasai walipoishambulia nchi ile, akina Rebmann walihamia Unguja kwa muda. Bibi Emma alifariki mwaka 1866. Wakristo walikuwa wachache mno. Yeye aliketi na maneno: Kiswahili, Kirabai, na lugha ya watu wa ziwa Nyasa, aliyojifunza kwa mtu aliyeletwa pwani utumwani. Kamusi ya lugha hiyo ya Nyasa ilichapishwa mwaka 1877, yeye akiwa amekwisha kufa.

Macho yake yalififia kidogo kidogo. Mwaka 1873, Sir Bartle Frere alipofika Rabai, alimkuta karibu kipofu. Mwaka 1875, baada ya miaka 29 bila kuiona nchi yake, alirudi, akiongozwa na kijana Mkristo wa Rabai, Isaac Nyondo. Akakaa Korntal, karibu na Krapf rafiki yake, mwendo wa saa moja na zaidi kidogo kwa miguu kutoka Gerlingen alikozaliwa.

Majira ya baridi yakaja. Theluji ya Korntal Rebmann aliweza kuisikia chini ya viatu na kuigusa kwa vidole, lakini kuiona hakuweza tena. Ile aliyoiona kwa macho mazima mara ya mwisho ilikuwa ya Kilimanjaro. Alifariki tarehe 4 Oktoba 1876, kabla theluji nyingine haijashuka, akazikwa Korntal. Miaka mitano baadaye Krapf naye akazikwa kando yake.