Karen Blixen: Mwandishi aliyeshindwa na chakula

Januari 1914, gari-moshi kutoka Mombasa lilivuka nyanda za Athi, Machakos, likiwa limembeba Karen Blixen, mzaliwa wa Denmark aliyeolewa punde tu. Alikuza kahawa chini ya milima ya Ngong hadi 1931, shamba lilipofilisika.

Meza yake ilisifika. Kijana Kamante, aliyemsaidia kutibiwa vidonda vya miguu, alifunzwa upishi akahitimu, na mwaka wa 1928 mrithi wa ufalme wa Uingereza alikaribishwa mlo shambani humo.

Mwenyeji, hata hivyo, hakuwa na amani na chakula. Kaswende aliyoambukizwa mapema katika ndoa ilitibiwa kwa dawa kali, zebaki ikiwemo. Katika miaka ya 1950 alikatwa sehemu ya tumbo kwa sababu ya vidonda. Alipozuru Marekani mwaka wa 1959, alijulikana kwa kula chaza na zabibu, akiteremshia shampeni.

Wapo wanaolaumu tumbo lililoharibika. Wengine wanashuku anoreksia, maradhi ya akili yanayomfanya mtu aogope kunenepa hata akiwa mifupa mitupu. Huenda yote mawili yalichangia. Siku hizi mgonjwa wa aina hiyo huhudumiwa na daktari, mshauri nasaha na mtaalamu wa lishe kwa pamoja, huku jamaa wakila naye bila kumkemea, na wengi hupona.

Blixen alifariki Septemba 7, 1962, akiwa na miaka 77, amekonda kwa utapiamlo. Alizikwa Rungstedlund, alikozaliwa.