Maisha ya Mwalimu Peter Nyambo, Aliyefika Gendia Mwaka 1906

Ni desturi njema, baada ya hesabu za fedha na habari za mikutano, taarifa ya mwaka kuwa na maisha ya mtu mmoja miongoni mwa waliotutangulia. Safari hii tumemchagua mtu ambaye hakuzaliwa Nyamira wala Kisii, wala hakusema lugha yetu. Walakini, kila siku ya Sabato, makanisa yetu yanapojaa watu toka Ekerenyo hata Nyansiongo, na toka Manga hata Keroka, yeye naye ana sehemu katika jambo hilo. Jina lake ni Peter Nyambo.

Nyambo alizaliwa katika miaka ya 1880 huko Ntcheu, katika nchi iliyoitwa Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Alikuwa Mngoni, wa kabila lile la mashujaa waliotoka kusini na kuvuka mto Zambezi kwa mikuki na ngao. Lakini katika utoto wake nguvu ya mikuki ilikuwa imekwisha kupungua, na vijana walianza kuitafuta nguvu nyingine, yaani elimu ya kitabu.

Mwaka 1892 alifika Nyasaland Mwingereza mmoja jina lake Joseph Booth, naye alikuwa Mbaptisti. Booth hakufanana na wazungu wengi wa siku zile. Alilipa mishahara iliyowaudhi wakulima wa kizungu, na mwaka 1897 alitoa kitabu cha kudai kwamba Afrika ni ya Waafrika wenyewe. Mwanafunzi wake wa kwanza kupata sifa alikuwa John Chilembwe, aliyekwenda naye Marekani, akasomea uchungaji katika chuo cha Wabaptisti weusi, kisha akarudi kwao mwaka 1900 akaanzisha misheni yake. Nyambo naye alikuwa mmoja wa vijana waliolelewa chini ya kivuli cha Booth.

Hapa inafaa tueleze jinsi Wabaptisti wanavyohusika na kanisa letu, kwa maana wengi hawajui. Huko Marekani kulikuwa na Wabaptisti walioshika siku ya saba badala ya Jumapili. Mwaka 1844 mwanamke mmoja wa kundi hilo, Rachel Oakes, aliyapeleka mafundisho ya Sabato kwa watu waliokuja kuitwa Waadventista. Na huko Nyasaland mambo yakafuata njia ile ile. Booth aliweka misheni kwa msaada wa Wabaptisti wa siku ya saba, akaiita Plainfield; mwaka 1902 misheni hiyo ikanunuliwa na Waadventista, nayo baadaye ikapewa jina la Malamulo. Mwangalizi wake wa kwanza alikuwa Mmarekani mweusi, Thomas Branch, na binti yake Mabel alifundisha watoto shuleni. Basi Nyambo aliiona mapema kazi ya Mungu ikiongozwa na mtu wa rangi yake.

Kutoka huko Nyambo alipata njia ya kufika Uingereza, akasoma katika chuo cha Waadventista kilichoitwa Duncombe Hall, mjini London. Katika chuo hicho hicho alisoma kijana Mkanada, Arthur Carscallen, aliyezaliwa mwaka 1879. Mwaka 1906 wakubwa wa kanisa huko Uingereza waliazimu kupeleka habari njema katika nchi zilizo kando ya Ziwa Viktoria Nyanza, nao wakawatuma wawili hao: mzungu mmoja na Mwafrika mmoja. Walisafiri kwa meli mpaka Mombasa, wakapanda gari la moshi katika reli iliyokuwa imefika ziwani mwaka 1901, na tarehe 27 Novemba, 1906, wakashuka Kisumu. Kisha walivuka ghuba mpaka upande wa Kendu, wakachagua kilima cha Gendia, na hapo wakaweka makao.

Tuifikirie hali ya Nyambo siku zile. Kwa rangi alifanana na wenyeji wa Gendia, lakini lugha yao ilikuwa ngeni kwake kama ilivyokuwa kwa Carscallen, kwa kuwa Kijaluo na lugha za Nyasaland si ndugu hata kidogo. Alikuwa Mwafrika aliyeujua Mji wa London, aliyeweza kusoma na kuandika Kiingereza, naye alikaa katika nchi ambayo shule zake zilikuwa bado za kuhesabika kwa vidole. Wajaluo wengi walianza kutambua kwamba elimu si mali ya mzungu peke yake, na mfano wa mtu kama huyu ulikuwa ushahidi mbele ya macho.

Hakukaa Gendia miaka mingi. Alirudi Nyasaland, na kazi ikaendelea mikononi mwa Carscallen na wenzake. Carscallen alijifunza Kijaluo, akaandika kitabu cha sarufi, na mwaka 1913 kikaanzishwa kiwanda kidogo cha kupigia chapa. Watu wa kwanza walibatizwa Gendia tarehe 21 Mei, 1911.

Upande wetu mambo yalikuwa mazito zaidi. Serikali ilileta askari juu ya Abagusii mwaka 1905, na tena mwaka 1908, baada ya Otenyo kumchoma kwa mkuki Bwana Northcote, mkuu wa serikali hapa. Watu waliuawa, ng'ombe wakachukuliwa, nyumba zikateketezwa. Majivu hayo yalikuwa bado ya moto mioyoni mwa watu wakati misheni ilipofunguliwa Nyanchwa, karibu na mji wa Kisii, mwaka 1912. Si ajabu, basi, kwamba Wajerumani walipoingia Kisii mwezi wa Septemba 1914, na Waingereza wakaondoka, watu waliingia katika maduka, maofisi na misheni, wakachukua vitu. Waingereza waliporudi walitoa adhabu kali, na ng'ombe wengi wakaenda tena.

Mwaka huo huo wa 1914, Peter Nyambo alikuwa mbali sana, naye alikuwa akitafuta njia nyingine ya kupeleka malalamiko ya watu wake. Alikuwa ameachana na misheni, akaungana tena na Booth huko Afrika ya Kusini. Pamoja wakatengeneza hati ya maombi kwa ajili ya Waafrika wa Nyasaland na Rhodesia, kwa Mfalme George wa Tano. Ilihusu kodi, ardhi, na hofu ya kuunganishwa na nchi za Rhodesia zilizotawaliwa na kampuni ya kibiashara. Nyambo ndiye aliyeichukua hati hiyo mpaka London. Hakubeba silaha wala hakutukana mtu. Alishika karatasi tu, kama alivyofundishwa na wamisionari kwamba mtawala wa Kikristo husikia kilio cha raia zake.

Ofisi ya Makoloni haikulikubali shauri lake. Vita vikuu vilikuwa vimeanza, na mtu mweusi mwenye hati mkononi hakuwa na mlango wa kuingilia. Miezi michache baadaye, Januari 1915, Chilembwe naye alichoka kungoja, akainua watu kwa silaha juu ya wakulima wa kizungu. Mnamo Februari akapigwa risasi na kufa. Wote wawili walikuwa wanafunzi wa Booth. Mmoja alikwenda kwa karatasi, mwingine kwa bunduki, na serikali haikumsikiliza hata mmoja wao.

Kutoka Uingereza Nyambo alirudi Cape Town, akakaa huko miaka mingi. Katika miaka ya 1940 alirejea Nyasaland akiwa mtu mzima mwenye mvi. Huko akaanzisha kanisa lake mwenyewe, lililoitwa Kanisa la Mababu, ambalo liliheshimu mila za wazee na kuwapokea hata wale wenye wake wengi waliokataliwa na misheni. Wako miongoni mwa wasomaji wetu wasioweza kukubaliana na mafundisho hayo, na hatuwalaumu. Lakini maisha ya mtu hayaandikwi kwa kuchagua sehemu zinazotupendeza tu. Mtu aliyevuka bahari kwa ajili ya kanisa la wageni, kisha akabisha mlango wa Mfalme usifunguliwe, mwisho wake alirudi kwenye makaburi ya baba zake akatafuta hapo jibu.

Hata hivi leo, habari ya kuja kwa kanisa inapohadithiwa, mara nyingi hutajwa Carscallen peke yake. Yeye alistahili heshima; alifanya kazi hapa hata karibu na mwaka 1921, na vitabu vyake vilisaidia wengi. Lakini waliofika Kisumu siku ile ya Novemba walikuwa wawili. Ikiwa mmoja wao husahauliwa, naye alikuwa na elimu na alitumwa rasmi, itakuwaje kwa walimu wa vijijini mwetu, waliotembea kwa miguu kutoka Nyanchwa wakiwa na ubao na chaki, wakafundisha watoto chini ya miti?

Kwa hiyo chama kinawaomba wazee wa kila kanisa, la dhehebu lo lote, waandike katika daftari majina ya walimu wao wa kwanza: alitoka wapi, alifundisha nini, alilipwa nini, na alizikwa wapi. Waliowaona walimu hao kwa macho wanazidi kupungua kila mwaka, na mzee akifa huondoka na habari zake. Madaftari yakijaa, yaletwe kwa katibu, ili mwaka ujao ukurasa huu upate maisha ya mtu wa kwetu.