Okot p'Bitek: Mshairi Aliyejibu Dhihaka kwa Wimbo

Askari aliyepata kushika zamu katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini ya Mbarara, amekisikia Kiswahili kikisemwa kwa lafudhi nyingi: ya Kongo, ya Burundi, ya Rwanda na ya Somalia. Huenda pia ameona kijana akisimama kughani shairi lake, na lafudhi yake ikachekwa kabla maneno yake hayajasikilizwa. Hata makambini mwetu jambo hilo hutukia. Wako wasemao kuwa ndivyo ipasavyo, kwamba mshairi asiyechekwa hakomai. Basi na tuyapime maneno hayo kwa maisha ya mtu aliyesoma Mbarara, naye ni marehemu Okot p'Bitek.

Okot alizaliwa Gulu mwaka 1931. Baba yake alikuwa mwalimu, na mama yake mtunzi wa nyimbo. Kabla hajaketi mbele ya ubao, mtoto huyu alikwisha kuzisikia nyimbo za Kiacholi, ambazo huomboleza, husifu, na pia humsuta mkosaji hadharani. Alisoma Gulu na Budo, kisha akaingia chuo cha ualimu cha Serikali, Mbarara, kuanzia 1952 hadi 1954. Angali mwanafunzi huko, mwaka 1953, riwaya yake ya kwanza, Lak Tar, ilichapishwa kwa Kiacholi. Inasimulia habari za kijana maskini ahangaikaye kutafuta mahari mbali na kwao, kisha akaibiwa njiani akirejea.

Katika miaka hiyo ya 1950 alikwenda Uingereza pamoja na timu ya taifa ya kandanda, naye akabaki huko kusoma: ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, na elimu ya jamii na mila Oxford. Huko Oxford dhihaka ilivaa joho. Darasani Waafrika waliitwa washenzi. Okot alipinga, asisikilizwe. Hata hivyo hakufunga mizigo. Alimaliza masomo, na baadaye akaandika kitabu kizima cha kuwakosoa wataalamu wa namna ile.

Jibu lake kuu lilitoka Nairobi mwaka 1966, katika utenzi wa Kiingereza uitwao Song of Lawino, ambao kwa Kiacholi ulichapishwa mwaka 1969. Ndani yake mke abezwaye na mumewe msomi kwa kushika mila za wazee anafumbua kinywa na kumsuta mume huyo. Wapo waandishi ambao hawakuridhika. Taban lo Liyong aliona tafsiri ya Kiingereza imepunguza uzito wa Kiacholi, na mwaka 2001 akatoa tafsiri yake mwenyewe.

Okot aliongoza pia Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza, Kampala. Alipoikosoa serikali ya wakati ule akiwa Zambia, alipoteza kazi hiyo, akaishi Kenya miaka mingi na kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwishowe alirejea Makerere, na Julai 1982 akafariki dunia mjini Kampala.

Je, dhihaka ndiyo iliyomfanya mshairi? La, hasha. Wengi waliodhihakiwa kama yeye hawakutunga hata ubeti mmoja. Kilichomfanya mshairi ni nyimbo za nyumbani kwao, alizokuwa nazo kabla hajachekwa na mtu. Dhihaka ilimpa jambo la kujibu, bali ulimi wa kujibia alikuwa nao tayari. Nayo miaka aliyokaa mbali na nchi yake ilikuwa hasara kwetu sote.

Sisi tuvaao sare twalijua hili. Kuruta hajifunzi shabaha kwa kutukanwa. Hujifunza kwa kuelekezwa, akakosa, akaelekezwa tena. Basi kijana akighani, Nakivale au kambini, tumsikilize hadi mwisho, kisha tumwambie ubeti upi una kasoro. Kukosoa shairi ni haki ya msikilizaji. Kumcheka mtu kwa lafudhi ya mama yake si mtihani wa ushairi.