Dk. Ludwig Guttmann: Mkimbizi aliyewainua waliovunjika uti wa mgongo

Jina la Ludwig Guttmann wengi hulisikia pale tu inapofika michezo ya Olimpiki ya walemavu. Lakini kabla ya michezo alikuwa tabibu wa mishipa ya fahamu, na kabla hajapata heshima alikuwa mkimbizi.

Alizaliwa tarehe 3 Julai 1899 katika mji mdogo wa Tost, uliokuwa Ujerumani wakati huo na sasa uko Poland, katika familia ya Kiyahudi. Mwaka 1917, akiwa kijana anayejitolea hospitalini, alimwona mchimba makaa ya mawe aliyevunjika mgongo. Kijana akaelezwa asisumbuke kuandika mengi, kwa kuwa mgonjwa huyo angekufa baada ya wiki chache. Na kweli akafa, si kwa kuvunjika mgongo, bali kwa vidonda vya kulalia na maambukizo ya mkojo.

Akasomea udaktari, kisha akafanya kazi Breslau chini ya Otfrid Foerster, bingwa wa mishipa ya fahamu. Foerster alijulikana kwa upasuaji wa misuli inayokakamaa. Hapa inafaa tusimame kidogo, maana jambo hili halieleweki majumbani mwetu. Ubongo hautumi amri za kwenda tu, hutuma na amri za kuzuia. Ni kama lori lenye shehena linaloteremka mlima: bila breki, injini nzuri haisaidii kitu. Mshipa mkuu uliomo ndani ya uti wa mgongo ukikatika, miguu hukosa amri ya kutembea, lakini pia hukosa ile breki. Ndiyo maana baada ya wiki kadhaa miguu iliyolegea huanza kukaza na kuruka yenyewe, hata kwa kuguswa na shuka. Ndugu wa mgonjwa hudhani amepona, wengine husema ni pepo. Foerster alikuwa akikata nyuzi zinazopeleka hisia za miguu kwenye uti wa mgongo, ili misuli isichokozwe.

Mwaka 1933 Wanazi waliposhika madaraka, Guttmann alifukuzwa kazi kwa sababu ya Uyahudi wake, akabaki kutibu katika hospitali ya Wayahudi ya Breslau. Usiku wa tarehe 9 Novemba 1938, Wayahudi wakipigwa na masinagogi yakichomwa, aliamuru kila anayebisha hodi apokelewe. Walilazwa 64. Kesho yake polisi walipokuja, aliwapitisha kitanda kwa kitanda akimtajia kila mmoja ugonjwa, na 60 wakaokoka.

Machi 1939 alifika Oxford, Uingereza, na mkewe na watoto wawili. Sisi tuliosomea ugenini tunaijua hali hiyo: jana unaongoza hospitali, leo unaanza upya katika lugha ya wenyewe. Miaka kadhaa alifanya utafiti tu. Tarehe 1 Februari 1944 serikali ilimkabidhi kitengo cha majeruhi wa uti wa mgongo huko Stoke Mandeville, kazi ambayo wengi waliiona haina faida. Yeye akaamuru wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na viungo vinyooshwe visikakamae. Kwa waliozidiwa kabisa na mikazo, aliwachoma sindano ya spiriti katika uti wa mgongo. Mikazo ilikoma, lakini na nguvu iliyobaki ilizimika.

Dawa ya kumeza ilichelewa. Baclofen ilitengenezwa mwaka 1962 na Heinrich Keberle wa kampuni ya Ciba, Uswisi, ikikusudiwa kifafa. Huko haikufaulu sana, ila ilionekana inalegeza misuli. Huiga kemikali ambayo mwili wenyewe hutumia kama breki. Tatizo ni kwamba kidonge hakiishii mgongoni, kinafika hadi ubongoni, ambako breki nazo hubadilika baada ya ajali, kama vipimo vya sumaku ya kichwani vimeonyesha. Hivyo mgonjwa anaweza kupata usingizi na udhaifu, na anayesimama kwa msaada wa ule ukakamavu wa miguu anaweza kuanguka. Kuiacha ghafla ni hatari, huleta degedege. Daktari ndiye apunguze, kidogo kidogo.

Michezo aliianza kama tiba. Tarehe 29 Julai 1948, siku ya ufunguzi wa Olimpiki London, wagonjwa 16 walishindana kurusha mishale wakiwa kwenye viti vya magurudumu. Mwaka 1960 walikutana Roma wanamichezo 400 kutoka nchi 23. Wenzetu wa Kenya na Uganda waliingia mwaka 1972, mjini Heidelberg, katika nchi ileile iliyomfukuza.

Mnaovuka Goma na Gisenyi mnawajua wafanyabiashara walemavu wanaoendesha baiskeli za magurudumu matatu zilizosheheni mizigo. Wengi wao ni wa polio, lakini Guttmann angewafurahia, maana alitaka mgonjwa wake alipe kodi kama jirani yake.

Alipewa uraia mwaka 1945, na hadhi ya Sir mwaka 1966. Breslau yake ilikuwa imekwisha kuwa Wrocław ya Poland, na Wajerumani wake wameondolewa. Alifariki Uingereza tarehe 18 Machi 1980, akiwa na umri wa miaka 80.