Nabii Aliyekuja kwa Miguu

Safari hii tunawasimulia maisha ya William Wade Harris, aliyezaliwa Liberia karibu na mwaka 1860, katika kabila la Wagrebo.

Alisoma katika shule za misioni, akawa mwalimu, tena mkalimani wa serikali. Alipenda suti na viatu, na aliamini kabisa kwamba wokovu wa watu wake utaletwa na Waingereza. Mwaka 1909 akapandisha bendera yao, akafungwa. Humo gerezani, mwaka 1910, kama alivyoshuhudia mwenyewe, malaika Gabrieli alimtokea na kumwagiza avue mavazi ya Kizungu. Msaada alioungoja utoke baharini haukuja na meli yoyote. Kazi akapewa yeye, mfungwa.

Mwaka 1913 akaingia Côte d'Ivoire kwa miguu, bila viatu, amevaa kanzu nyeupe na kilemba, ana fimbo ya msalaba, Biblia, na kibuyu cha maji ya ubatizo. Wanawake walifuatana naye wakiimba. Mapadri walikuwa wamehubiri huko tangu 1895, na waliobatizwa walikuwa wachache tu. Sasa vijiji vizima vilichoma hirizi na sanamu zao, na watu wapatao 100,000 au zaidi wakabatizwa kabla ya mwaka 1914 kwisha. Si ndilo jambo ambalo misioni zililitafuta miaka yote ile? Lakini walizoea kuliona likija na padri, katekisimu na miaka ya mafundisho, basi wengi wao wakamwona Harris kuwa mdanganyifu. Ni kweli pia kwamba hakuwakataza watu kuwa na wake wengi, na hilo liliwatia mashaka. Serikali ya Ufaransa nayo ikaogopa fujo. Mwishoni mwa 1914 ikamkamata, kisha ikamrudisha Liberia.

Alikuwa amewaagiza waumini wajenge nyumba za sala, wangoje walimu wenye Biblia. Walingoja karibu miaka kumi, ndugu zetu, bila mchungaji. Wamisionari wa Kimethodisti walipofika mwaka 1924, walikuta maelfu na maelfu wamekwisha kukusanyika katika nyumba walizojenga wenyewe.

Mwaka 1926 mjumbe wa Wamethodisti alikwenda Liberia kumtafuta. Akamkuta mzee maskini. Harris hakudai cheo wala malipo: alitia sahihi barua ya kuwaambia watu wake wawapokee walimu hao. Alifariki mwaka 1929.