Edogawa Ranpo: kutoka kuuza makaroni njiani mpaka baba wa hadithi za upelelezi Japani

Wenye kuangalia Détective Conan katika televisheni wanamujua yule mtoto mwenye miwani, Conan Edogawa. Lakini jina la Edogawa halikuanzia kwake. Lilitoka kwa mwandishi aliyekufa karibu miaka 30 mbele ya katuni hiyo kuanza.

Jina lake la kweli ni Hirai Tarō. Alizaliwa tarehe 21 Oktoba 1894 huko Nabari, katika mkoa wa Mie, akakulia Nagoya. Biashara ya baba yake ilianguka mwaka wa 1912, kwa hiyo alisoma uchumi katika chuo kikuu cha Waseda, Tokyo, huku akihangaika na kazi ndogondogo. Alipata diploma mwaka wa 1916, lakini diploma haikumupa kazi ya kudumu. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha meli, akafungua duka la vitabu vya okazyo pamoja na wadogo zake, akahariri gazeti la katuni, hata akasukuma kigari usiku akiuza makaroni yenye kuitwa soba.

Mwaka wa 1922 alikuwa kwa baba yake Osaka, bila kazi, na mke na mtoto wa kulisha. Pale njo aliandika hadithi ya sarafu ya makuta mbili. Gazeti Shin Seinen, ambalo lilikuwa linachapisha zaidi hadithi za upelelezi kutoka Ulaya na Marekani, liliitoa mwaka wa 1923. Aliweka jina Edogawa Ranpo: ukilitamka haraka, unasikia Edgar Allan Poe, Mmarekani aliyekuwa anamupenda sana.

Mwaka wa 1925 alimuleta mpelelezi Akechi Kogorō. Mwaka wa 1936 akaandikia watoto hadithi za mwizi mwenye sura 20, anayefuatwa na kijana Kobayashi na kundi lake.

Kisha vita ikamufunga mdomo. Mwaka wa 1929 alikuwa ameandika juu ya askari aliyerudi nyumbani bila mikono, bila miguu, bila sauti, na mke wake anayechoka kumuchunga. Mwaka wa 1939, Japani ikipigana huko China, serkali ilikataza hadithi hiyo isichapishwe tena: haikutaka wananchi wafikirie vita inamuachaje mtu. Vitabu vyake vingine vikapotea polepole sokoni, na feza ikakauka. Mwandishi mkubwa akabaki kutumika katika kamati ya mtaa wake, Ikebukuro. Mwaka wa 1945 mabomu yaliunguza mtaa huo, lakini ghala ya vitabu vyake ilipona.

Kisha vita, hakukimbilia kujitafutia sifa peke yake. Mwaka wa 1947 alikusanya wenzake katika chama cha waandishi wa upelelezi, akawa prezida wa kwanza. Alipofikisha miaka 60, mwaka wa 1954, zawadi yenye jina lake ilianzishwa. Mpaka leo inafungulia waandishi wapya mlango.

Alikufa tarehe 28 Julai 1965, Tokyo, akiwa na miaka 70. Ile hadithi ya askari, ambayo serkali iliificha, inasomwa mpaka leo, Japani na inchi zingine.